Nani hupanga majibu ya maswali yaulizwayo kwa Kiswahili mtandaoni?

Mahakama ya Washington na tume ya ushindani ya Afrika Kusini zimeipa injini ya utafutaji ya Google sura mpya mbele ya sheria. Kwa wasemaji wa Kiswahili walio wachache katika nchi za ukanda huu, hata hivyo, suala kubwa zaidi ni jinsi kurasa zinavyogunduliwa, kuhifadhiwa na kupangwa kabla mtu hajauliza swali lolote.

Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba mlipuko wa mpox ulikuwa dharura ya afya ya umma yenye kuihusu dunia nzima. Kitovu cha mlipuko huo kilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako aina mpya ya kirusi ilikuwa imetambuliwa mwaka 2023 katika jimbo la Kivu Kusini. Katika wiki chache kabla ya tangazo hilo, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, nchi ambazo hazikuwa zimewahi kuripoti ugonjwa huo, zilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza.

Ukiitazama ramani ya mlipuko ule, ilikuwa kwa sehemu kubwa ramani ya Kiswahili. Kuanzia Bukavu na Uvira hadi mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, kuanzia Nyamirambo mjini Kigali hadi vituo vya mpakani, watu wengi husimuliana habari za maradhi kwa lugha hiyo. Aliyesikia tangazo redioni akataka kujua zaidi alishika simu, akaandika maneno machache, akabonyeza. Kilichotokea kwenye kioo cha simu hakikuandaliwa wakati huo. Kilikuwa tunda la kazi iliyofanywa na mitambo siku, wiki au miezi kadhaa kabla ya swali lenyewe.

Ugumu ulianza na jina. Mwezi Novemba 2022 WHO ilikuwa imeamua kuliacha jina la awali la Kiingereza, lililohusisha ugonjwa huo na nyani, na kutumia mpox badala yake. Lakini vinywani mwa watu ugonjwa uliendelea kuitwa homa ya nyani, ndui ya nyani, na pengine kufananishwa na tetekuwanga. Ukurasa wa wizara ulioandika "mpox" pekee na raia aliyeandika "homa ya nyani" walikuwa wakizungumzia jambo moja, lakini hapakuwa na hakika kwamba wangekutana.

Safari ya buibui

Wengi hudhani kwamba injini ya utafutaji huzunguka mtandaoni wakati ule ule mtu anapouliza. Sivyo. Mtu anapouliza Google, Bing au injini nyingine, huwa anapekua nakala na kumbukumbu ambazo kampuni husika imekwisha kujikusanyia. Mkusanyiko wa Google, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, una mamia ya mabilioni ya kurasa. Ni mkubwa mno, lakini si intaneti yote. Ukurasa usiokuwamo humo, hata uwe wa kweli na umeandikwa vizuri namna gani, hautatokea katika majibu.

Kazi ya kukusanya hufanywa na programu ambazo wataalamu huziita buibui. Buibui huanza na kurasa zinazojulikana, huzisoma, hukusanya viungo vilivyomo, kisha huvifuata viungo hivyo hadi kwenye kurasa nyingine, na kutoka huko huendelea mbele. Hakuna daftari kuu la dunia ambamo kila ukurasa mpya huandikishwa. Ukurasa hujulikana kwa sababu ukurasa mwingine umeutaja, kama vile mgeni kijijini anavyojulikana kwa kutambulishwa na mwenyeji.

Ipo njia ya pili. Mwenye tovuti anaweza kuandaa orodha ya kurasa zake zote, aina ya ramani, na kuikabidhi kwa injini za utafutaji. Utaratibu huo ulianzishwa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali. Hata hivyo ramani ni ombi tu. Haimlazimishi buibui kufika, wala haimzuii kuchelewa.

Aidha, mwenye tovuti anaweza kumwekea buibui mipaka. Tangu mwaka 1994, kwa pendekezo la mhandisi Martijn Koster, tovuti huweka mlangoni faili iitwayo robots.txt, yenye kueleza sehemu zipi zisiguswe. Kwa miaka mingi huo ulikuwa mwafaka wa heshima tu, hadi ulipoandikwa rasmi kuwa kanuni ya kimataifa ya kiufundi mwaka 2022. Mstari mmoja ulioandikwa kimakosa katika faili hiyo unaweza kuiziba tovuti nzima ya taasisi bila msomaji wala mwandishi kuelewa kilichotokea.

Buibui pia hana muda usio na mwisho. Hurudi mara kwa mara kwenye tovuti inayobadilika kila saa, yenye seva inayojibu upesi na inayotajwa na wengi. Tovuti inayokwama, inayobadilisha anwani za kurasa zake kila inapofanyiwa ukarabati, au isiyotajwa na yeyote, hutembelewa kwa nadra. Malipo hayasaidii hapa: Google husema haipokei fedha ili kuitembelea tovuti mara nyingi zaidi, wala ili kuipandisha katika majibu yasiyo ya matangazo.

Faharasa isiyosikia redio

Baada ya kuusoma ukurasa, mtambo huuingiza katika faharasa. Msomaji wa vitabu anaijua faharasa: ile orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu, kila neno likiwa na namba za kurasa linakopatikana. Injini ya utafutaji hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Chini ya neno "chanjo" huorodhesha kurasa zote zenye neno hilo, pamoja na mahali lilipokaa, iwe katika kichwa cha habari au katikati ya aya. Hiyo ndiyo sababu jibu hupatikana kwa chini ya sekunde moja: orodha ilikwisha kutayarishwa.

Kwa vyombo vya utangazaji, hatua hii ina somo chungu. Faharasa hujengwa hasa kwa maandishi. Kipindi cha dakika 30 ambamo daktari anaeleza kwa Kiswahili fasaha jinsi ya kujikinga, kikiwekwa mtandaoni kama sauti tupu chini ya kichwa "Kipindi cha Jumatatu", huipa injini ya utafutaji maneno matatu tu ya kushika. Elimu yote iliyotolewa katika nusu saa ile hubaki kwa waliokuwa wakisikiliza wakati ule.

Hali hiyo huzikumba pia taarifa za serikali zinazochapishwa kama picha. Barua yenye muhuri, iliyopigwa picha na kupandishwa mtandaoni, husomeka kwa macho ya binadamu, lakini ukurasa unaoibeba huwa hauna maandishi ya kuingia moja kwa moja kwenye faharasa. Mitambo ya kisasa inaweza kusoma maneno yaliyomo pichani, lakini kutegemea hilo ni kubahatisha katika jambo linalohusu afya ya watu.

Kisha linakuja suala la lugha yenyewe. Google hueleza kwamba huitambua lugha ya ukurasa kwa kuyasoma maandishi yanayoonekana, si kwa alama ambayo mwandishi ameiweka nyuma ya ukurasa. Katika eneo letu, ambako habari moja inaweza kuanza kwa Kinyarwanda au Kirundi, ikanukuu Kifaransa na kumalizia kwa Kiswahili, mchanganyiko huo ni wa kawaida kwa wasomaji lakini ni mtihani kwa mtambo. Ukurasa ambao vitufe, tarehe na vichwa vyake vyote ni vya Kiingereza, na aya mbili tu ni za Kiswahili, unaweza kuhesabiwa kuwa wa lugha nyingine.

Muundo wa Kiswahili nao una mambo yake. Katika lugha nyingi za Ulaya neno hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni: mgonjwa na wagonjwa, ugonjwa na magonjwa, kuchanja, amechanjwa, waliochanjwa, hatutawachanja. Mzungumzaji huona shina moja katika maneno hayo. Mtambo ambao haujafundishwa sarufi hii huona maneno tofauti, na aliyeuliza "wapi wanachanja watoto" anaweza kupitwa na ukurasa ulioandika "vituo vya chanjo kwa mtoto". Kuna pia maneno yenye maana nyingi: kaa ni mnyama wa majini, ni kipande cha moto, na ni kitendo cha kuketi.

Injini za utafutaji zimepiga hatua katika hili. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT, unaolitazama neno pamoja na majirani zake katika sentensi, na kabla ya mwaka kwisha iliupeleka katika lugha zaidi ya 70. Mifumo ya namna hiyo hujifunza kwa kusoma maandishi mengi. Na hapo ndipo uchache wa maandishi unapoigharimu lugha. Katika hazina ya wazi ya kurasa za mtandao inayokusanywa na taasisi ya Common Crawl, Kiingereza huchukua zaidi ya asilimia 40. Kiswahili, ambacho UNESCO hukihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, hakifikii hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja.

Kura za viungo

Hatua ya tatu ni kupanga. Kurasa milioni moja zikiwa na neno lile lile, ipi itangulie? Historia ya swali hilo ni fupi. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, alitengeneza Archie, inayotajwa kuwa injini ya kwanza ya kutafuta mafaili katika intaneti. Archie ilitafuta majina ya mafaili tu. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo walianza kuorodhesha tovuti kwa mikono, kwa mafungu, kama mkutubi apangavyo vitabu. Orodha hiyo ikawa Yahoo. Mtandao ulipopanuka, mikono haikutosha tena.

Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walikuja na wazo lililozaa Google mwaka 1998: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kama kura, na kura ya ukurasa unaotajwa na wengi iwe na uzito zaidi ya ile ya ukurasa usiojulikana. Leo viungo ni kigezo kimoja kati ya vingi. Mtambo huangalia pia maneno ya swali, mahali alipo muulizaji, upya wa habari, jinsi ukurasa unavyofunguka kwenye simu, na katika masuala ya afya na fedha huongeza uzito wa dalili za kuaminika.

Wazo la kura lilikuwa la busara, lakini lina upande wake mwingine. Katika lugha yenye tovuti nyingi zinazotajana, kura huonyesha maoni ya umma mpana. Katika lugha yenye tovuti chache zisizotajana, wapiga kura wenyewe huwa haba. Redio ya Kigali isipoweka kiungo cha makala ya redio ya Bujumbura, na wizara isipoweka kiungo cha redio yoyote, kila mmoja hubaki kisiwa chake. Tovuti kubwa za nje zenye idara za Kiswahili, ambazo tayari zina sifa kutokana na kazi zao za lugha nyingine, hutangulia hata katika habari za mtaa wa msomaji.

Ombwe na wanaolijaza

Mwaka 2018 Michael Golebiewski wa kampuni ya Microsoft alilipa jina tatizo ambalo wahandisi walikuwa wakiliona kwa muda: ombwe la data. Ni pale mtu anapotafuta jambo ambalo kurasa zake ni chache, au za hali duni, au hazipo. Injini ya utafutaji haijui kunyamaza vizuri; huleta kilichopo. Na kilichopo huenda kimewekwa na mtu aliyeliona ombwe mapema na kuamua kulijaza kwa manufaa yake: muuza dawa zisizothibitishwa, mchochezi wa kisiasa, au tapeli wa ajira za ng'ambo.

Ombwe hutokea zaidi katika saa za mwanzo za habari kubwa. Jina jipya la ugonjwa, jina la mji ulioshambuliwa, au tetesi ya kufungwa kwa mpaka huanza kutafutwa kabla waandishi hawajamaliza kuthibitisha. Katika lugha kubwa pengo hilo linaweza kuzibwa ndani ya saa chache. Katika lugha ya wachache linaweza kubaki wazi kwa siku nyingi, na mtu wa kwanza kuandika ndiye huonekana kuwa mwenye kauli. Si lazima mtambo uwe na nia mbaya ili madhara yatokee. Inatosha wenye habari sahihi kuchelewa.

Washington na Pretoria

Ndiyo maana kesi zilizosikilizwa mbali zina maana hapa. Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google ni mhodhi wa soko la utafutaji, na kwamba ilivunja sheria ili kuulinda uhodhi huo. Shauri lilikuwa limefunguliwa na Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 2020. Ushahidi ulionyesha kwamba takribani asilimia 90 ya utafutaji wa jumla nchini humo hupitia Google, na kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la awali katika simu na vivinjari.

Hoja iliyo muhimu kwa wasemaji wa lugha ndogo ni ile ya wingi. Injini yenye watumiaji wengi huona maswali mengi, huona watu wamebonyeza nini na wameacha nini, na hujifunza kutokana na hayo. Ubora huleta watumiaji, na watumiaji huleta ubora. Mshindani mdogo hawezi kuingia katika mzunguko huo. Kwa mantiki ile ile, lugha yenye maswali machache humfundisha mtambo kidogo, hata ndani ya kampuni ile ile kubwa.

Tarehe 2 Septemba 2025, Jaji Mehta alitangaza hatua za kurekebisha hali. Alikataa ombi la serikali la kuilazimisha Google iuze kivinjari chake cha Chrome, lakini alipiga marufuku mikataba ya kuwazuia watengenezaji wasitumie huduma za washindani, na akaagiza kampuni iwape washindani wanaostahili sehemu ya data za faharasa yake. Agizo hilo linaweza kufungua mlango kwa injini ndogo, pengine hata zinazohudumia lugha zilizosahauliwa. Lakini faharasa inayogawanywa haiwezi kuwa na kurasa ambazo hazikuandikwa.

Afrika Kusini ilitazama upande wa vyombo vya habari. Uchunguzi wa Tume ya Ushindani ya nchi hiyo, ulioanza Oktoba 2023, ulieleza katika ripoti ya awali ya Februari 2025 kwamba utaratibu wa Google wa kupanga majibu huvipendelea vyombo vya habari vya nje, na ukapendekeza kampuni hiyo ilipe kati ya randi milioni 300 na milioni 500 kwa mwaka. Ripoti ya mwisho, mwezi Novemba mwaka huo, ilikuja na makubaliano ya randi milioni 688 kwa miaka mitano kuviunga mkono vyombo vya habari vya nchi hiyo. Australia na Canada zilikuwa zimetunga sheria zao mwaka 2021 na 2023.

Nchi hizo zina masoko makubwa ya matangazo. Nchi moja ya Afrika Mashariki, ikisimama peke yake, haina uzito huo mezani. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022, na Rwanda ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hadhi hizo bado hazijageuzwa kuwa hoja ya pamoja mbele ya kampuni za teknolojia.

Jibu bila ukurasa

Wakati mahakama zikihukumu mambo ya jana, utafutaji wenyewe unabadilika. Mwezi Mei 2024 Google ilianza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu ya orodha ya viungo, na baadaye ikaupeleka katika nchi nyingi. Msomaji hupewa jibu lililokwisha kupikwa. Wengi hawana tena sababu ya kufungua ukurasa lilikotoka.

Muhtasari wa namna hiyo hutegemea faharasa ile ile na mifumo iliyojifunza kwa maandishi yale yale. Penye kurasa nyingi nzuri, unaweza kusaidia. Penye ombwe, unaweza kutafsiri kilichoandikwa kuhusu nchi nyingine, chenye ratiba ya chanjo, namba za dharura au masharti ya mpakani yasiyotumika hapa, na kukisema kwa Kiswahili kisicho na kigugumizi. Orodha ya viungo angalau ilimwachia msomaji nafasi ya kulinganisha chanzo kimoja na kingine.

Kilicho mikononi mwa wenyeji

Mengi katika suala hili huamuliwa mbali, lakini si yote. Redio inayoweka chini ya kila sauti aya nne za maandishi huifungulia elimu yake mlango wa faharasa. Wizara inayochapisha tangazo kwa maandishi badala ya picha, na kutumia jina rasmi pamoja na jina linalotumiwa sokoni, "mpox" pamoja na "homa ya nyani", humkuta raia pale alipo. Taasisi zinazowekeana viungo hupeana kura bila kutumia senti. Na anwani ya ukurasa isiyobadilishwa ovyo huhifadhi sifa iliyojengwa kwa miaka.

WHO iliondoa tangazo la dharura ya mpox tarehe 5 Septemba 2025, siku tatu baada ya uamuzi wa Jaji Mehta. Mlipuko mwingine utakuja, uwe wa maradhi au wa tetesi, na maswali ya Kiswahili yataandikwa tena kwenye simu za Buyenzi, Nyamirambo na Uvira. Buibui watakuwa wameshapita. Majibu yatategemea walichokikuta.